Tafsiri ikienda na kurudi

Niko na kasaiba kadogo huku Umoja, kazi ni kuchapisha, kuskani, kufaili ritani za watu, na siku hizi pia kutafsiri barua, na swali naulizwa kila wiki ni lile moja, eti kati ya hizi huduma za kutafsiri za intaneti ni gani iko poa. Kabla sijajibu mteja mwenyewe ashatoa simu anionyeshe venye yeye hupima, anaandika sentensi kwa Kiswahili, anaigeuza Kiingereza, halafu anarudisha Kiswahili, ikirudi vile ilivyokuwa basi hiyo ndiyo kali.

Mimi pia nilikuwa napima hivyo, sasa wacha niwaambie kilichonipata.

Kuna mama wa kikundi cha shanga alikuwa anaandikiana na mgeni wa Uingereza, akaandika tukutane kesho saa tatu. Nikapitisha kwa moja ya hizi huduma (sitaitaja), nikarudisha Kiswahili, ikarudi saa tatu, safi kabisa, nikatuma. Mgeni akajibu sawa, na kesho yake akatokea saa tisa mchana! Maana saa tatu yetu ilikuwa imegeuzwa ikawa three o'clock, na three ikirudi inakuwa tu tatu, kwa hivyo mimi naona hakuna kosa na hapo katikati masaa sita yamepotea. Mama alikaa na wenzake kutoka asubuhi na chai ikapoa.

Ya pili ndiyo ilinitoa jasho. Mzee wa ploti ya pili aliletewa barua na mtoto wa marehemu kaka yake aliye Marekani, Kiingereza kitupu, inasema uncle ndiye akae na hati ya shamba. Mashine ikaandika mjomba. Nikarudisha, mjomba ikawa uncle, nikafurahi. Mzee akaenda kuisomea familia, na kikao kikawaka moto, watu wanauliza watu wa kwa mamake kijana wanaingiaje kwa shamba letu? Akarudi kwangu amekasirika, “Kijana, mjomba ni nani hapa? Mimi ni baba yake mdogo!” Na ukweli Kiingereza hakijali kama ni ndugu ya baba ama ndugu ya mama, sisi tunajali sana, hasa mambo ya shamba. Baadaye nilijaribu ile sentensi kwa huduma nne na zote zikaandika mjomba, sasa hapo utasema gani imeshinda gani?

Yaani hiyo ya kwenda na kurudi inaficha yale makosa yanayotuuma sisi. Angalia hata “yeye”. Andika daktari amefika, yeye ndiye aliniita, uone mara ngapi utaletewa he, weka muuguzi uone she inavyokuja mbio, na zote mbili zikirudi zinakuwa yeye, hakuna alama hata moja ya kuonyesha mashine ilijiamulia.

Na si sisi wa saiba tu. Kuna kipimo cha tafsiri za mashine kinaitwa BLEU, watu wa kampuni ya kompyuta ya IBM walikitoa 2002, kinahesabu maneno ya mashine yanafanana kiasi gani na ya mtu aliyetafsiri. Sasa barua ya ukurasa mzima, neno moja mjomba likikosewa alama zinashuka kidogo sana, lakini kwa kikao cha familia hilo neno ndilo barua yote.

Kitambo ilikuwa afadhali kwa njia fulani. Google Translate ilipoanza 2006 ilikuwa ya takwimu, yaani inahesabu ni maneno gani hutafsiriwa vipi mara nyingi na kuyaunga vipande vipande, Kiswahili kilipokuja kuingia kilitoka kimevunjikavunjika, ukiona unajua hapa pana shida. Tangu waanze kuhamia mitandao ya neva 2016, yaani programu inayojifunza kwa mifano mingi na kushika sentensi nzima kwa pamoja, sentensi zinateleza hadi unaziamini, na kosa limevaa suti.

Wengine huniambia jaribu DeepL, huduma nyingine ya kutafsiri. Inasifiwa sana, lakini ilianza 2017 na lugha saba, zote za Ulaya, na sifa nyingi nasoma ni za Kijerumani na Kiingereza, hizo hazinisaidii na barua ya shamba. Halafu kuna hii ya kuhesabu lugha: Meta, wenye Facebook, 2022 walitoa modeli (programu) ya kutafsiri lugha 200, Kikuyu, Kikamba na Kijaluo ndani, Google 2024 wakaongeza 110, Kijaluo ikiwemo. Nimefurahi, kweli, ila lugha kuwa kwa listi ni kitu kimoja na kutafsiriwa vizuri ni kingine.

Siku hizi mtu akileta barua sianzi na mashine. Namuuliza kwanza: hii saa ni ya Kiswahili ama ya kizungu, huyu daktari ni mwanamume ama mwanamke, huyu uncle ni wa upande gani. Wengine wanaona nawachelewesha. Mzee wa ploti sasa hukaa kando yangu na miwani yake, ananisomea neno kwa neno, na bado hajanilipa ile ya kwanza.