Chumbe si ya wageni peke yao

Tangu miamba ya matumbawe ya kisiwa cha Chumbe ilipotangazwa hifadhi mwaka 1994, lawama ni ile ile: kisiwa cha Wazanzibari amepewa mwekezaji binafsi, mvuvi kafukuzwa, wanaolala pale ni wenye dola. Kwenye bei, walalamikaji wana haki. Usiku mmoja unazidi mshahara wa mwezi wa watu wengi wa mjini Unguja, na kisiwa kiko kilomita 12 hivi tu kutoka kwao.

La mvuvi linahitaji kutazamwa vizuri. Kilichofungwa ni ukanda mwembamba wa matumbawe upande wa magharibi; mashariki watu wanavua. Walinzi hawabebi silaha, na baadhi yao walikuwa wavuvi. Ngalawa ikiingia mpakani huisogelea, wakasalimiana, wakaeleza. Mashine ikizima baharini, ni hao hao wanaokuja kukuvuta. Tena changu aliyekulia hifadhini akivuka mpaka ni riziki ya mwenye mshipi.

Wanaosahaulika kabisa ni watoto. Vibanda ni saba tu, na pesa za wageni wanaolala humo ndizo zinazogharimia ziara za wanafunzi wa Zanzibar. Mtoto wa kisiwani, hasa wa kike, anaweza kukua akisikia mawimbi kila usiku bila kuzamisha uso baharini hata siku moja. Pale huvishwa jaketi la kuokolea, miwani na mrija, akalala kifudifudi juu ya maji, mtandio wake ukiwa kichwani. Matumbawe aliyoyazoea ukutani na kwenye tanuri la chokaa anayaona yakiwa hai, samaki wakiingia na kutoka. Mwalimu aliye ufukweni hana ubao wa kumwonesha hilo. Wanaodai kisiwa kirudi kwa wananchi waseme kwanza ziara hizi zitalipwa na nani.

Majengo pia yametunzwa: mnara wa taa wa 1904, msikiti mdogo, na nyumba ya mlinzi wa taa iliyokuwa gofu, leo kituo cha wageni.

Hofu yangu ni kwingine. Mwaka 2020 corona ilipozuia safari, mapato yalikatika, na joto la bahari, kama lile la 1998 na 2016 lililopausha matumbawe, halizuiliwi na mlinzi. Elimu ya watoto wetu haifai kutegemea ndege za watalii. Serikali ibebe sehemu ya gharama za ziara hizo, na iziweke kwenye bajeti ya elimu.