Fosen: Wasami walishinda kesi, mitambo ikaendelea kuzunguka

Tarehe 11 Oktoba 2021, majaji 11 wa Mahakama ya Juu ya Norwei walikubaliana wote kwamba vibali vya mashamba ya upepo ya Storheia na Roan, kwenye rasi ya Fosen, ni batili. Vilivunja haki ya wafugaji wa Kisami, watu wa asili wa kaskazini mwa Ulaya wanaofuga kulungu wa kaskazini (reindeer), ya kuishi utamaduni wao, haki iliyomo katika ibara ya 27 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa. Siku hukumu inatolewa, mitambo 151 ilikuwa imeshasimama na inafua umeme. Haikuzimwa.

Serikali ina hoja, na si hoja za kupuuzwa. Kampuni ilijenga ikiwa na kibali halali mkononi, kilichotolewa mwaka 2010 na kuthibitishwa 2013. Mabilioni ya kroner, fedha ya Norwei, yalishazikwa kwenye miamba ile. Umeme wake, kwa makadirio yaliyotajwa sana, unatosha kaya 100,000 hivi, na anayetaka dunia iachane na mafuta hana budi kukubali mitambo ikae mahali fulani. Tena hukumu haikuamuru ibomolewe. Kesi ilifika mahakamani kama shauri la kupanga fidia, kwa hiyo majaji walisema kibali ni batili wakaishia hapo. Waziri anayesoma hukumu kama mwanasheria anaweza kusema kwa moyo mkunjufu kwamba hajaidharau mahakama.

Lakini kuna sentensi inayorudiwa kila mjadala huu unapozuka, na ndiyo iliyonifanya niandike: familia chache za wafugaji, wapewe fidia, wanunue chakula cha mifugo, yaishe. Inaonekana ya busara. Mahakama ya Rufani yenyewe iliipokea mwaka 2020. Ilikiri kwamba Storheia na Roan zimepotea kama malisho, ila ikaona haki haijavunjwa, kwa kuwa fidia ya kroner milioni 89 hivi ingetosha kuwalisha kulungu zizini wakati wa baridi.

Tuitazame fedha hiyo kwa karibu. Kulungu wa kaskazini hula majani wakati wa kiangazi, na hayo ni mengi. Shida ni mwisho wa majira ya baridi, theluji inapokuwa nene, au inapoyeyuka kidogo na kuganda tena ikawa tabaka la barafu ambalo kwato haziwezi kulivunja. Hapo mnyama anaishi kwa likeni, viumbe vidogo vya kijivu vinavyofanana na mimea na kutambaa juu ya mawe na ardhi, na anavipata pale tu ambapo theluji ni nyembamba. Ni wapi theluji huwa nyembamba? Ni kwenye nyanda za juu zilizo wazi, ambako upepo unaipeperusha. Yaani upepo uleule ulioivuta kampuni kwenda Storheia ndio uliokuwa ukiwafungulia kulungu chakula miaka yote. Pande mbili hazikugombea eneo hilo kwa bahati mbaya.

Mfugaji wa Simanjiro au Kajiado hahitaji kuelezwa zaidi. Ukubwa wa kundi haupangwi na masika, unapangwa na malisho ya akiba ya mwezi ule mbaya kuliko yote. Chukua hayo, mwachie mengine yote, na bado kundi litapungua hadi lisiweze kulisha familia. Familia ikiacha kufuga, kwa Wasami wa Kusini kinachopotea si ajira tu. Lugha yao ina wasemaji mia kadhaa tu, na ufugaji ndiyo kazi ambamo bado inasemwa kila siku. Ndiyo maana Mahakama ya Juu ilikataa hesabu ya zizi. Ilisema ulishaji wa namna hiyo unatofautiana mno na ufugaji wa asili wa kuhamahama, na haujathibitika kiasi cha kuutegemea. Ikaongeza jambo linalosahauliwa na wanaoipinga hukumu kwa jina la mazingira: umeme wa upepo ungeweza kupatikana kwa kuchagua maeneo mengine yasiyowaumiza wafugaji kiasi kile.

Baada ya hapo pakawa kimya. Siku ya 500 tangu hukumu, Februari 2023, vijana wa Kisami waliingia Wizara ya Mafuta na Nishati mjini Oslo wakakaa sakafuni kwenye ukumbi wa mapokezi. Baadhi yao walivaa gákti, vazi lao la heshima, likiwa limegeuzwa ndani nje. Polisi wakawabeba usiku. Wiki hiyohiyo serikali iliomba radhi na kukiri kwamba haki za binadamu zinavunjwa. Mapatano yalikuja Desemba 2023 kwa wafugaji wa kusini mwa Fosen: kroner milioni 7 kwa mwaka, eneo jingine la malisho ya baridi, na kura ya turufu kibali kikitaka kuongezwa muda baada ya miaka 25. Wa kaskazini nao walisaini Machi 2024. Sioni sababu ya kuwalaumu. Ila ridhaa inayoombwa mitambo ikiwa imeshasimama ina thamani gani?

Kwangu kosa kubwa liko nyuma zaidi. Desemba 2018 kamati ya Umoja wa Mataifa ya kupinga ubaguzi wa rangi iliiomba Norwei isimamishe ujenzi Storheia wakati inachunguza malalamiko. Norwei ilikataa. Wajenzi walishapewa ruhusa ya kuanza kazi kabla mahakama hazijamaliza. Hata Kenya imepitia njia hiyo: mitambo 365 ya Ziwa Turkana ilishasimikwa mwaka 2017, na mahakama ya ardhi Meru ikasema tarehe 19 Oktoba 2021, siku nane baada ya hukumu ya Oslo, kwamba hati za ardhi hiyo ya jamii hazikutolewa kwa kufuata sheria. Miongoni mwa wawekezaji wa mradi huo alikuwamo Norfund, mfuko wa serikali ya Norwei.

Sasa macho yako Finnmark, mkoa wa kaskazini kabisa mwa Norwei bara. Agosti 2023 serikali iliidhinisha kiwanda cha gesi cha Melkøya, karibu na Hammerfest, kitumie umeme kutoka nchi kavu. Hiyo inahitaji njia mpya ya nyaya kupita kwenye malisho, na serikali inataka mashamba zaidi ya upepo mkoani humo. Wafugaji wa huko wanapinga. Safari hii bado kuna muda wa kuwasikiliza kabla mitambo mipya ya upepo haijasimikwa.