Samaki mdogo si samaki mchanga

Jirani yangu hapa Mwanza akija kunisalimu, macho yake hutangulia kwenye tangi. "Baba Neema, hawa utawala lini?" Namwambia hawaliwi, ni wa mapambo. Anainama tena kwenye kile kioo cha lita 40, anawatazama wale samaki wadogo wanane waitwao neoni wakikatiza kwenye majani na mistari yao ya buluu na nyekundu, kisha anatikisa kichwa: "Afadhali hata dagaa."

Basi tuanze na huyo dagaa. Hakuna mtu wa Kanda ya Ziwa anayedhani dagaa ni mtoto wa sangara. Tunajua ni mtu mzima katika umbo lake. Tunajua pia kwamba sangara wa sentimita 20 bado mchanga, na sheria inakataza kumvua akiwa chini ya sentimita 50. Lakini mtu huyohuyo akiingia duka la samaki wa mapambo, ujuzi wote anauacha mlangoni pamoja na viatu. Humo ndani kila samaki ana urefu wa kidole, kwa hiyo kila samaki anaonekana anafaa tangi dogo.

Nami niliuacha. Nilinunua "papa" watatu Dar, warembo, wa rangi ya fedha, na muuzaji akanihakikishia kwamba samaki hukua kulingana na tangi. Nikawapakata kwenye ndoo ndani ya basi hadi Mwanza. Wale si papa hata kidogo. Ni jamii ya kambare kutoka mito Mekong na Chao Phraya, na akikomaa anapita mita moja. Wa kwanza alikufa wiki ya tatu. Waliobaki walikuwa wakishtuka na kugonga kioo usiku hadi nikaamka, na mwishowe nikawapeleka kwa rafiki mwenye bwawa la zege.

Ile kauli ya "hukua kulingana na tangi" naichukia kuliko zote katika biashara hii. Samaki akidumaa kwenye maji machache, amedumazwa na uchafu wake mwenyewe na kukosa nafasi. Hakuna anayemsifu mtoto aliyedumaa kwamba ameizoea nyumba. Samaki wa dhahabu kwenye bakuli la mezani ni kisa hichohicho; yule ana uwezo wa kupita sentimita 20.

Kwa hiyo swali langu dukani siku hizi ni moja: huyu akikomaa atafika wapi? Neoni hafiki sentimita 4. Gapi dume, samaki mwingine mdogo wa mapambo, ni hivyohivyo, ila ukichanganya madume na majike jiandae, maana jike huzaa takriban kila mwezi na huhifadhi mbegu za dume kwa miezi kadhaa. Mimi ningechukua madume tu. Kuna na yule danio mwenye madoa kama nyota, aliyegunduliwa Myanmar mwaka 2006, ana sentimita 2 hivi. Sijampata, na wivu ninao.

Udogo peke yake hautoshi lakini. Kigoma kuna samaki wa sentimita 4 anayeishi ndani ya kombe la konokono, na akilinda kombe lake hata mkono wako anaushambulia. Nampenda sana, ila si mwenzake neoni. Zaidi ya hayo, maji ya Ziwa Tanganyika ni mazito kwa madini, wakati bomba langu linaleta maji ya Viktoria, ambayo ni laini. Neoni asili yake ni Amazoni, kwenye maji laini vilevile. Sikumfuata kwa uzuri tu. Nilimfuata kwa sababu bomba langu linamfaa, na joto la sebuleni kwangu linamtosha bila hita.

Mimea iliingia tangini mwezi mzima kabla ya neoni. Neema alichoka kuangalia tangi lisilo na samaki, na mimi pia. Lakini kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu, na bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti kisha naitreti huchukua wiki kadhaa kujenga makazi kwenye changarawe na sponji ya chujio. Mimea nayo huinywa hiyo amonia. Kwenye tangi dogo hakuna maji ya kukusamehe: ukizidisha chakula leo, kesho asubuhi samaki wanahemea juu.

Mimea yenyewe niliomba kwa mfugaji mwenzangu. Mwanzoni nilitaka kushuka ziwani na ndoo, mke wangu akanikumbusha kichocho. Konokono wanaokibeba hukaa humohumo kwenye majani ya kando. Ukiponea hapo, utaleta watoto wa kereng'ende, ambao huwinda samaki wadogo kimyakimya hadi uhesabu wanane uone watano.

Umeme ukikatika, pampu ya hewa hunyamaza. Zamani nilikuwa nakimbilia kukoroga maji kwa kikombe. Sasa, kwa samaki wanane tu kwenye lita 40, nawasha mshumaa naendelea kula.

Juzi jirani aliuliza nitawafanyaje nikiwachoka, akapendekeza ziwani, si hapo karibu tu? Nikamkumbusha sangara naye aliletwa, miaka ya 1950, na furu, samaki wa asili wa ziwa hili, wengi wakatoweka. Akanyamaza. Yeye alikua akila furu. Anawakumbuka kwa rangi, mwekundu wa tumbo, wa buluu, wa njano. Akainama tena kwenye kioo.

"Hao furu wangekaa humu?"

Nikamwonyesha kwa kiganja urefu wa furu aliyekomaa, nikakiweka kando ya tangi.

"Hapana," akasema mwenyewe.