Mtungi, Sabuni na Baba Mwenye Nyumba

Mtungi wetu wa gesi, ule mdogo wa kilo 6, zamani ulikuwa unatufikisha mwisho wa mwezi. Siku hizi siku ya 18 tu, maharage hayajaiva, moto unakohoa mara mbili na kuzima. Mama Neema analaumu maharage. Mimi nikasema hapana, hapa kuna mtu anakula gesi yangu.

Nikabeba mtungi mpaka kwa kijana wa gesi hapa Tabata, nikabadilishiwa.

"Haya kijana, nipimie."

Akaniangalia kama nimemwomba figo. "Mzee, sili si unaiona?"

"Naiona. Sili haipiki ugali."

Muuza gesi anatakiwa awe na mzani na mteja apimiwe mbele ya macho yake, EWURA, wale wasimamizi wa nishati na maji, wameliimba hilo mpaka sauti zimewakauka. Mzani anao, sikatai, ila uko kwa fundi. Mizani ya mji huu inaumwa kuliko bibi yangu.

Nikaazima mzani kwa jirani, Mama Zuhura, ule wa kupanda kwa miguu, anautumia kujua kama amepungua. Hesabu yenyewe nyepesi: kwenye mtungi pameandikwa uzito wake ukiwa mtupu, wangu 7.4. Weka na gesi kilo 6, nategemea 13.4. Tatizo, ukiuweka mtungi juu ya ule mzani unafunika namba, huoni kitu. Basi nikaukumbatia, nikapanda nao.

102.

Mimi nina kilo 78. Toa, inabaki 24. Kilo 24! Nimezidishiwa gesi kilo kumi na ushee! Nikaapa sirudishi hata chembe, na huyo kijana wa gesi nikamsamehe yote.

"Baba Neema," mke wangu akasema taratibu, "hebu tua mtungi, upande mwenyewe."

88.6.

Zile 78 nilipimwa mwaka gani, sikumbuki vizuri. Mtungi uko sawasawa kabisa. Nikauliza sasa gesi yetu huwa inakwenda wapi, Mama Neema hakujibu, alilitazama tumbo langu tu akarudi jikoni.

Lakini msinicheke. Mtu haamki tu asubuhi akaanza kukumbatia mitungi. Mimi nimesomeshwa, na ada nililipia Kariakoo.

Mtaa wa Msimbazi, kijana mpole, shati limechomekewa, ananinong'oneza: "Braza, nina shida, mgonjwa yuko hoi, nipe 80,000 tu." Simu nikaishika. Nikaiwasha, nikapiga picha, picha safi. Ningebonyeza *#06# nikalinganisha namba na za kwenye boksi, lakini nani anakumbuka hayo akiona simu nzuri kwa bei ya jogoo watatu? Kijana akaifungia kwenye kifuko, akakaza fundo, akanishukuru mpaka nikaona haya. Nafika nyumbani, nafungua: kipande cha sabuni ya mche. Kimekatwa kwa ukubwa uleule wa simu, hata pembe zimechongwa. Mtu amekaa chini na kisu kwa ajili yangu! Tulifulia wiki mbili. Povu lilikuwa zuri, sitaki kusema uongo.

Baada ya hapo nikahamia madukani. Chaja ikafa siku ya pili. Muuzaji ananigongea kidole kwenye muhuri chini ya karatasi: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Nikamwambia kuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inamlinda mlaji, muhuri wako hauifuti. Akauliza hiyo sheria inauzwa bei gani. Nilipomuuliza risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, iko wapi, maana hii ni ya mkono, chaja nyingine ikapatikana palepale chini ya meza.

Kwa hiyo wiki iliyopita, namba nisiyoijua iliponiletea ujumbe, "Ile hela ya kodi tuma kwenye namba hii, ile nyingine ina tatizo," nilicheka peke yangu kwenye daladala. Hizi nazipata kila wiki! Namba nikairipoti 15040 kama TCRA, wasimamizi wa mawasiliano, wanavyotuhimiza. Halafu, kwa sababu kiti nilikuwa nimepata na foleni ya Buguruni haisogei, nikaandika na jibu. Refu. Lenye ushauri wa kwenda kulima, na maneno mengine.

Jumapili asubuhi hodi. Baba mwenye nyumba, kanzu nyeupe, simu mpya mkononi.

"Baba Neema, samahani, miwani nimeisahau. Hebu nisomee hapa, mtu ameniandikia."

Nikasoma. Pale penye neno "mwizi" nikaparuka.

"Soma yote, mwanangu," akasema, akavuta kiti. "Sina haraka."