Mkisimulia Jefferson Hunt, msimulieni na Biddy Mason

Julai hii tawini kwetu, kwenye kanisa letu la Wamormoni, tumeadhimisha kama kila mwaka siku ya watangulizi, yaani Wamormoni wa kwanza waliohamia Utah, Marekani, 1847, watoto wakavalishwa kofia na skafu, wakavuta mkokoteni kuzunguka uwanja, na mzee mmoja aliyepewa nafasi ya kuongea akachagua maisha ya Jefferson Hunt. Aliongea vizuri, simvunjii heshima. Halafu binti mmoja wa sekondari akanyoosha mkono akauliza, je, kwenye ile misafara watu weusi walikuwepo? Akaambiwa hayo ni mambo ya siasa, leo tuko kwenye imani. Binti akakaa chini. Mimi bado nimekasirika na ndiyo maana naandika.

Kwanza niseme Hunt namheshimu sana. Mzaliwa wa Kentucky, 1803. Alifurushwa Missouri pamoja na Wamormoni wenzake, wakahamia Illinois nako wakafurushwa, halafu 1846 serikali ile ile iliyoshindwa kuwalinda ikaja kuwaomba wanaume wa kwenda vita na Mexico, na Hunt akaenda, kapteni wa Kampuni A kwenye Kikosi cha Wamormoni. Watu kama 500, maili karibu 2,000 kutoka mto Missouri mpaka San Diego, kwa miguu. Wake zake wawili, Celia na Matilda, walianza nao safari wakiwa na watoto, mpaka pale wagonjwa na familia walipopelekwa Pueblo, Colorado.

Lakini kisa kinachonionyesha Hunt alikuwa mtu wa aina gani ni cha 1849. Watafuta dhahabu wa kwenda California walifika Salt Lake, mji wa Wamormoni huko Utah, wamechelewa, milima ya Sierra Nevada ilikuwa inakaribia kuzibwa na theluji na wote walishasikia yaliyowapata kina Donner, msafara ulionaswa na theluji hapo wengi wakafa, basi wakakubaliana na Hunt awapeleke Los Angeles kwa njia ya kusini, dola 10 kila gari la kukokotwa na wanyama. Magari yalikuwa zaidi ya 100. Njiani akatokea mtu na ramani ya njia ya mkato, na kambi nzima ikawaka, kila mtu anataka dhahabu wiki kadhaa mapema. Hunt akawaambia njia hiyo haijui, anaamini wanajipeleka kwenye mdomo wa jehanamu, ila likibaki gari moja tu linalotaka kumfuata yeye atalifikisha alikoahidi. Yakabaki 7. Wengi wa walioondoka walikwama kwenye genge la mlima wakarudi kwenye njia, na wale wakaidi kabisa wakaendelea mpaka jangwa ambalo leo linaitwa Death Valley. Yaani umati umekukimbia, pesa zako zimeondoka nao, na bado unatimiza neno lako kwa wale wachache. Natamani tungekuwa na wanasiasa wa hivyo.

Na mwanasiasa alikuwa. 1851 Wamormoni walihamia San Bernardino wakiongozwa na Amasa Lyman na Charles C. Rich, mitume, yaani viongozi wa ngazi ya juu wa kanisa, wakanunua shamba la familia ya Lugo kwa dola 77,500, Hunt akaingia bunge la California, na 1853 akasukuma mswada wa kukata kaunti mpya kutoka Los Angeles. Sisi wenye kaunti 47 tunajua kukata kaunti kuna vita gani! Kaunti ya San Bernardino mpaka leo ni pana kuliko zote Marekani ukiacha Alaska, karibu sawa na Rwanda na Burundi kwa pamoja, na Hunt anaitwa baba yake. Sawa, anastahili.

Sasa turudi kwa swali la yule binti, maana jibu lipo. Msafara wa kwanza wa Wamormoni kwenda Utah, 1847, ulikuwa na watumwa watatu weusi, Green Flake, Hark Lay na Oscar Crosby, na waliingia Bonde la Salt Lake tarehe 22 Julai na kundi lililotangulia kusafisha njia, siku mbili kabla kiongozi wa kanisa, Brigham Young, hajafika. Ile tarehe 24 tunayosherehekea, wao walishafika! Hark na Oscar baadaye walipelekwa San Bernardino, mji huo huo wa Hunt.

Na kuna Biddy Mason, ambaye nikimfikiria nashindwa kukaa kimya. Mtumwa wa Mmormoni mmoja aitwaye Robert Smith, alitoka Mississippi 1848 akitembea nyuma ya magari, kazi yake kuchunga mifugo kwenye vumbi lote hilo, na huku ana watoto watatu wa kike, wa mwisho mchanga kabisa. 1851 Smith akaenda nao San Bernardino. Katiba ya California ya 1849 ilishakataza utumwa, lakini Smith akaendelea kuwashika miaka minne, kwenye mji unaoongozwa na mitume, ambao mbunge wake ni huyo huyo baba wa kaunti. Mwisho wa 1855 akataka kuwahamishia Texas ambako utumwa ni halali. Weusi huru wa Los Angeles, familia ya Robert Owens ikiwa mbele, wakapeleka habari kwa sherifu na safari ikazuiwa. Januari 1856 kesi ikafika kwa jaji Benjamin Hayes, na hapo ndipo panaponiuma, sheria ya California wakati huo ilimzuia mtu mweusi kutoa ushahidi dhidi ya mzungu. Mama anadai uhuru wa wanawe na haruhusiwi kufungua mdomo mahakamani! Jaji ikabidi amwite faragha amsikilize huko. Watu 14 wakatoka huru, Biddy na binti zake watatu wakiwemo.

Najua mtaniambia mwenye watumwa alikuwa Smith, si Hunt. Ni kweli. Na ni kweli pia bunge la Utah lilipohalalisha utumwa 1852, mtume Orson Pratt alisimama akapinga. Kwa hiyo msiniambie eti watu wa zama zile hawakujua, kulikuwa na mtume anawaambia waziwazi.

Ile hoja ya kwamba tunaleta mgawanyiko siitaki hata kuisikia. Mpaka 1978 mwanamume mweusi hakuweza kushika ukuhani kwenye kanisa hili. Wapo wazee wetu waliozaliwa kabla ya hapo. Mtoto wetu akiuliza babu zake wa imani wenye rangi yake walikuwa wapi, hajaleta siasa, anatafuta nafasi yake kwenye nyumba aliyoambiwa ni yake.

Hunt mwenyewe 1857 aliitwa na Brigham Young arudi Utah, akaacha kila kitu, mji wa Huntsville ukapewa jina lake, akafia Idaho 1879. Biddy alibaki Los Angeles, akawa mkunga, 1866 akanunua kiwanja Spring Street kwa dola 250, na 1872 kanisa la kwanza la AME (kanisa la Kimethodisti la Wamarekani weusi) la mji ule likaanzishwa, yeye akiwa miongoni mwa waanzilishi. Kwa hiyo wanaoandaa masomo ya watoto mwakani, majina ni haya: Green Flake, Hark Lay, Oscar Crosby, Biddy Mason. Yaandikeni kwenye somo pamoja na la Hunt.