Vita ya unga Kusini: pesa iende wapi?

Wapo wanaotaka pesa ya kupambana na dawa za kulevya itoke kwenye doria na ukamataji, ihamie kwenye elimu. Tuanzie baharini. Januari 2012, huko Mchinga mkoani Lindi, zilikamatwa zaidi ya kilo 200 za heroini. Waliodhani unga ni shida ya Dar na Tanga walizinduka. Majahazi yanayotoka pwani ya Makran, kule Iran na Pakistan, hushusha mzigo Afrika Mashariki hadi kaskazini mwa Msumbiji, na ukanda wetu kuanzia Kilwa mpaka mdomo wa Ruvuma umejaa vighuba na bandari bubu. Anayesema pesa ya doria inapotea bure hajaiangalia ramani.

Sheria ya mwaka 2015 ilileta Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, yenye meno ya kupeleleza na kukamata, wakati Tume iliyoitangulia kazi yake ilikuwa kuratibu. Desemba 2023 Mamlaka hiyo ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini, Dar es Salaam na Iringa. Mzigo wa namna hiyo haukamatwi kwa semina. Unataka boti, mafuta, watoa taarifa na maelewano na wenzetu wa ng'ambo ya Ruvuma.

Shida yangu ipo nchi kavu. Kijana anakutwa kijiweni na kete mbili za unga. Anaingia mahabusu na arosto, yaani mateso ya kukosa unga: makamasi yanamtoka, tumbo linamkata, mifupa inauma, usiku halali. Kielelezo kinapelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, kesi inatajwa, inaahirishwa, inatajwa tena, na askari aliyemkamata anaacha kazi nyingine kwenda kutoa ushahidi. Yote hayo yanalipiwa na umma. Akitoka, mwili umeshapoteza uzoefu wa kuhimili unga. Akirudia kipimo kilekile cha zamani anaweza kufa papo hapo. Aliyemuuzia hajahama.

Wapo wanaojibu kwamba teja ndiye anayeonyesha njia ya kumfikia pusha, na kwamba mama aliyeibiwa masufuria na teja mara ya tatu ana haki ya kuona mtu anachukuliwa. Hoja ya pili naiheshimu sana. Lakini wizi una sheria yake, na mwizi ashtakiwe kwa wizi.

Je, basi pesa yote ihamie kwenye elimu? Hapo nako tusidanganyane. Marekani ilianzisha mpango wa DARE mwaka 1983, polisi wakiingia madarasani kuwaonya watoto. Watafiti waliowafuatilia watoto hao miaka iliyofuata hawakuona tofauti ya maana kati yao na wenzao wasiofundishwa. Mgeni anayekuja shuleni mara moja kwa mwaka na picha za kutisha anaondoka na posho yake, basi.

Elimu ninayoitetea inaanzia kwenye geto. Shule nyingi za kata huku ni za kutwa, na mwanafunzi anayetoka kijiji cha mbali hupangishiwa chumba karibu na shule, anajipikia, hana mtu mzima wa kumuuliza jana usiku alikuwa wapi. Msimu wa korosho mzazi yuko shambani au anasubiri mnada. Mtoto huyo bango halimsaidii kitu. Anahitaji bweni, matroni na mpira wa jioni. Kwangu mimi bweni ni matumizi halali kabisa ya pesa ya kupambana na dawa za kulevya, ingawa halmashauri huliandika kwenye fungu la majengo.

Na aliyekwisha kunasa anahitaji tiba. Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ya kunywa inayotuliza arosto ya heroini, Februari 2011, na anayeanza dawa hii huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Kwa hiyo umbali ndio unaoamua. Kijana wa Kilwa Kivinje au Newala hawezi kupanda basi kila asubuhi kuifuata kliniki iliyo mkoa mwingine.

Ndiyo maana sitaki hata shilingi moja iondolewe baharini. Ipunguzwe ile ya kukimbizana na kete mitaani, ijenge mabweni na kusogeza dozi karibu na wagonjwa. Madiwani wa Lindi na Mtwara wakikaa kwenye bajeti, waanze kwa kuuliza kila mtumiaji anayewekwa mahabusu anagharimu kiasi gani, kisha walinganishe na kitanda kimoja cha bweni.