Mtoto akisumbua darasani, anyimwe mazoezi?

Jumanne moja mwalimu wa darasa la kwanza alinipigia simu. Mwanangu, mwenye miaka saba, alikuwa amepanda juu ya dawati mara ya tatu siku hiyo. Nikamwambia mtoto leo haendi mpirani. Jioni ile nyumba haikukalika, na tangu hapo najiuliza kama adhabu ilimfunza chochote.

Wanaoitetea wana hoja nzito. Kunyimwa unachokipenda kunauma bila fimbo. Bibi yake hunikumbusha kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye, na simpuuzi: mtoto akiona mpira haugusiki hata afanye nini shuleni, ataamini masomo ni ya kupitisha muda. Mwalimu naye anastahili kuungwa mkono. Kiwango cha serikali ya Tanzania ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi, na madarasa mengi yamekipita zamani. Kocha ana uwanja mzima, filimbi na watoto ishirini waliokuja kwa kupenda. Tukimsifu yeye kwa uvumilivu na kumlaumu mwalimu, tunamwonea mwalimu.

Lakini nilipokwenda uwanjani kutazama, niliona kitu kilichonibadilisha mawazo. Mwanangu, ambaye nyumbani hangoji hata zamu ya kunawa mikono, alikuwa amesimama kwenye mstari nyuma ya koni, watoto wanne mbele yake, anatingisha mguu lakini hatoki. Kocha alimrudisha mara mbili kwa sauti ileile, bila kufoka. "Mama, usimzuie kuja," aliniambia baadaye. "Akikosa siku moja, inayofuata naanza naye upya."

Kumbe kule anafundishwa jambo lilelile ambalo mwalimu analalamika kwamba hana! Nikimzuia, ninamkosesha somo la kungoja. Hapo sijagusa mwili wenyewe: Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa umri wake apate angalau wastani wa dakika 60 kwa siku za kushughulisha mwili kwa nguvu ya wastani hadi kubwa, na wangu anazihitaji kuliko wengi.

Michael Phelps, muogeleaji wa Marekani, alitambuliwa kuwa na ADHD, hali inayomfanya mtoto ashindwe kutulia na kukaza akili, akiwa na miaka tisa. Mama yake Debbie, mwenyewe mwalimu, hakumtoa kwenye bwawa. Siku mtoto aliposhika nafasi ya pili akatupa miwani yake kwa hasira, mama alizungumza naye wakapatana ishara: akiona anaanza kuwaka, ataunda herufi C kwa mkono kutoka jukwaani, ajue anatakiwa kujituliza. Kocha Bob Bowman, aliyeanza kumfundisha akiwa na miaka 11, alikuwa mkali. Wengi hutaja medali zake 28 za Olimpiki. Mimi linalonigusa ni ile ishara, kwa sababu mtoto mwenye papara hushika neno moja fupi linalorudiwa na watu wote anaowaamini.

Basi niliwaomba mwalimu na kocha watumie neno moja: "Miguu chini." Akilisikia darasani, mwalimu humpa kazi ya kufuta ubao au kugawa madaftari, kisha anarudi kukaa. Kosa la darasani analilipa palepale darasani, kwa kuomba radhi na kusafisha dawati alilolikanyaga. Mpira haumo kwenye malipo.

Mazoezi hayatibu kila kitu. Mtoto asiyetulia popote, hata kwenye anachokipenda, apelekwe kwa daktari, na ada ya kituo cha soka si kila nyumba inaimudu. Nimebakiza kosa moja tu la kumtoa mazoezini: kumuumiza mwenzake uwanjani. Hapo kocha humweka benchi dakika kumi, akiwatazama wengine wakicheza, halafu humwita arudi mstarini.